Hadithi fupi redioni: usome mwenyewe, usomewe, au iigizwe?

Umeandika hadithi fupi, umeipeleka kituo cha redio, na kwa bahati nzuri wamekubali kukupa robo saa Jumapili jioni. Swali linalofuata huulizwa ukiwa bado umesimama mlangoni: "Utasoma mwenyewe, tukusomee, au tuiigize?" Mara ya kwanza kuulizwa hivyo nilijibu "Nisomeeni" bila kufikiri, maana niliona haya ya sauti yangu. Jibu lile nilikuja kulijutia. Nawaandikia waandishi wenzangu wapya wa Moshi na Arusha kabla nanyi hamjafika kwenye mlango huo.

Tangu siku ile hadithi zangu nne zimekwenda hewani. Moja ilisomwa na mtangazaji, moja niliisoma mwenyewe moja kwa moja, moja nilimpa mama mmoja wa Arusha anisomee, na moja niliirekodi nyumbani Pasua nikaipeleka ikiwa tayari. Nimewahi pia kuwa kwenye kikundi kilichoigiza hadithi ya rafiki yangu. Msimamo wangu nausema mapema: mwandishi mpya asome mwenyewe, ila arekodi kwanza, asikimbilie kwenda hewani moja kwa moja. Zipo hadithi ambazo ushauri huu hauzifai, nazo nitazitaja.

Kwanza, hadithi yenyewe inaingia?

Robo saa ya redio si dakika 15. Toa muziki wa kufungulia kipindi, utambulisho, tangazo la mdhamini na salamu za kufunga. Ukibakiwa na dakika 12 umebahatika. Mimi nikisoma kwa utulivu, dakika moja hubeba maneno kati ya 100 na 115. Kwa hiyo hadithi ya robo saa ni maneno 1,200 au 1,300, basi. Uingereza, BBC Radio 4 walikuwa na mfululizo ulioitwa Opening Lines, maalumu kwa waandishi wapya, na kipimo chao kilikuwa maneno karibu 2,000 kwa robo saa hiyo hiyo. Usiige tarakimu hiyo. Neno letu moja, "hajanipigia", kwa Kiingereza ni maneno manne au matano. Maneno yetu ni machache kwa idadi, lakini ni marefu mdomoni.

Jambo la pili linahusu Kiswahili chenyewe, na ndilo litakalotusaidia kupima njia hizi tatu. Kitenzi chetu hakimtofautishi mwanamume na mwanamke. Sikiliza: "Akamtazama. Akacheka. Akamwambia aondoke." Nani kacheka? Kwenye karatasi jicho linarudi nyuma mistari miwili na kupata jibu. Fundi cherehani aliyeinama kwenye mashine yake, au dereva wa haisi anayeshuka kutoka Marangu, hana pa kurudi. Sentensi ikishampita imekwenda. Basi kila njia ya kuifikisha hadithi hewani tuipime hivi: msikilizaji atajuaje nani ni nani, na mwisho wa kipindi atajua hadithi ni ya nani?

Mtangazaji akikusomea

Faida zake ni za kweli. Mtangazaji anajua umbali wa mdomo na maiki, anajua pumzi ivutwe wapi, na wasikilizaji wameshaizoea sauti yake. Wewe hutetemeki, unakaa nyumbani na jamaa zako mnasikiliza. Wale wa Radio 4 nao hadithi za waandishi wapya waliwapa waigizaji wazisome, na zilisikika vizuri sana.

Lakini mwigizaji wa kule aliipata hadithi mapema, akaisoma na mwongozaji akimsikiliza na kumrekebisha. Huku kwetu mara nyingi mtangazaji anakabidhiwa karatasi huku wimbo wa mwisho unaelekea ukingoni. Yangu ilisomwa hivyo. Mhusika wangu, bibi wa kule Vunjo, anampokea mjukuu wake kwa "Shimbonyi", salamu ya Kichaga. Msomaji hakuwa mtu wa huku. Neno lilimkwama, akalikata vipande viwili, kisha akacheka kidogo na kuendelea. Mbege ikawa "pombe ya kienyeji". Na hadithi iliyoishia kwa bibi kusimama mlangoni akiangalia barabara, bila neno, yeye aliifunga kwa sentensi yake: "Basi wapendwa wasikilizaji, tujifunze kuwatunza wazee wetu." Halafu muziki. Jina langu halikutajwa.

Nilikaa kwenye kochi nikiishika redio mikononi. Mama yangu akaniuliza, "Sasa mbona hawajasema ni yako?" Sikuwa na la kumjibu.

Hata hivyo njia hii siitupi, kwa sababu ya hadithi yangu ya tatu. Ile msimulizi wake ni mwanamke wa miaka 70 anayesema "mimi" mwanzo hadi mwisho, nami ni kijana mwenye sauti ya kijana. Ningeisoma mwenyewe, msikilizaji angehangaika dakika tatu nzima kujiuliza huyu anayejiita bibi ni nani. Nikamwomba mama mmoja wa Arusha, mwalimu mstaafu anayesoma masomo kanisani kwao. Nilimpelekea karatasi wiki mbili kabla, tukakaa kwake Sakina alasiri mbili, akanisomea kwa sauti huku nikiweka alama kwenye nakala yangu. Mahali pamoja alisimama akaniambia, "Mwanangu, bibi wa umri huu hasemi hivi. Atasema, 'mguu umenigomea.'" Nilibadilisha hapo hapo. Hadithi ile ilitoka bora kuliko nilivyoiandika.

Kwa hiyo kusomewa kunafaa pale msimulizi wa hadithi ana umri, jinsia au hali ambayo sauti yako haiwezi kuibeba, na pale msomaji atakapokubali kukaa na wewe kabla ya siku ya siku. Kama mtangazaji hana muda wa kuisoma hata mara moja mbele yako, usimwachie.

Ukisoma mwenyewe

Kusoma mwenyewe kuna sura mbili, na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni kwenda hewani moja kwa moja. Hii niliijaribu baada ya kuumia na ile ya kwanza. Studio ilikuwa chumba kidogo, mazulia yamegongewa ukutani, kiyoyozi kimezimwa kisisikike. Fundi mitambo akanionyesha taa: ikiwaka nyekundu, sema. Karatasi zangu nne nilikuwa nimezipiga pini pamoja ili zisipotee. Nilipofika mwisho wa ukurasa wa kwanza nikaugeuza, na ule mkwaruzo wa karatasi nikausikia mimi mwenyewe kwenye hedifoni kama mtu anayeburuta gunia. Moyo ukaenda mbio, na mdomo ukaufuata. Hadithi niliyoipima nyumbani mara tatu kwa dakika 12 niliimaliza kwa dakika tisa. Dakika tatu zilizobaki mtangazaji alizijaza kwa wimbo.

Nilitoka pale najiona nimeharibu kila kitu. Kesho yake mchana nikaingia kwa mama ntilie ninayekula kwake karibu na soko la Mbuyuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Akaniangalia. "Wewe si ndiye wa jana redioni? Nimekujua kwa sauti. Hebu niambie, yule kijana aliirudisha ile ng'ombe au hakuirudisha?"

Tulibishana kuhusu ng'ombe yule hadi ugali ukapoa. Wateja wawili waliokuwa mezani wakaingilia, mmoja akasema kijana hana haki ya kuirudisha, maana ni mahari. Hadithi iliyosomwa na mtangazaji hakuna aliyewahi kuniuliza habari zake. Hii niliyoiharibu kwa haraka ilinipata hadi kwenye sahani yangu. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa kipindi cha waandishi wapya kinamtambulisha mtu, na mtu hutambuliwa kwa sauti yake. Lafudhi yako ya Kibosho, au Kiswahili chako cha Kijenge, ni sehemu ya hadithi. Tena wewe ndiye unayejua, katika ile "akamtazama, akacheka", ni nani aliyecheka. Bila kukusudia sauti yako itapanda au itashuka mahali panapotakiwa, na msikilizaji ataelewa.

Sura ya pili ni kusoma mwenyewe ukarekodi kabla. Hii ndiyo ninayoipigania. Inakupa sauti yako na inakuondolea taa nyekundu. Wala si jambo geni Moshi. Redio ya Kilutheri ya Addis Ababa ilipofunguliwa mwaka 1963, vipindi vyake vya Kiswahili vilirekodiwa hapa mjini kwenye studio ya Sauti ya Injili, kanda zikasafirishwa hadi Ethiopia, na kutoka huko vikarushwa vikatufikia huku. Iliendelea hivyo hadi serikali ya kijeshi ya kule ilipoitaifisha redio ile mwaka 1977. Waliotutangulia walirekodi, wakasikiliza, wakarudia palipokosewa.

Yangu ya nne niliirekodi kwa simu, saa nane usiku. Mchana Pasua haiwezekani: pikipiki, jogoo, mtoto wa jirani. Niliweka blanketi zito juu ya meza na kiti, nikaingia chini yake na tochi, simu ikiwa umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, lakini pembeni kidogo, isielekee mdomo wazi. Sababu ni herufi P. Ukisema "polepole" mbele ya maiki, pumzi inapiga kama ngoma, nasi maneno yetu yamejaa P. Nilipokosea sikusimamisha kurekodi. Nilinyamaza sekunde mbili tatu nikarudia sentensi yote tangu mwanzo wake, ili mhariri apate pa kukatia. Mwanzoni na mwishoni niliacha kimya kidogo. Kosa langu moja lilikuwa msimu: ilikuwa masika, na usiku wa kwanza mvua ilishuka juu ya bati nikiwa katikati ya ukurasa wa tatu. Nililala, nikaanza upya usiku uliofuata.

Ukituma faili hilo kwa WhatsApp, litume kama hati, si kama ujumbe wa sauti. Ujumbe wa sauti hubanwa, na kituoni watapata sauti iliyofifia kama ya simu.

Kazi nzito zaidi hufanyika kabla ya blanketi, kwenye karatasi. Soma hadithi yako kwa sauti na kila ulimi unapojikwaa, badilisha. Hii ni sentensi yangu ya zamani: "Manka, ambaye mama yake aliuza ndizi Mbuyuni kabla ya kuhamia Rombo alikokufa, alifungua mlango." Kwa jicho inapita. Kwa sikio, hadi mlango unafunguliwa msikilizaji ameshasahau ni nani anayeufungua. Redioni ikawa: "Manka alifungua mlango. Mama yake Manka aliuza ndizi Mbuyuni, miaka mingi. Kisha akahamia Rombo. Akafia huko." Nimerudia jina, na nimetumia vituo vinne badala ya kimoja. Ningekuwa naandikia kitabu nisingefanya hivyo. Na katika mazungumzo, taja msemaji kabla hajasema: "Babu akamwambia, 'Keti.'" Ukisubiri kumtaja mwishoni, msikilizaji ameshampa maneno mtu mwingine.

Ikiigizwa

Hapa nitakwenda haraka, maana kwa mwandishi wa hadithi ya kwanza njia hii mara chache inafaa.

Nguvu ya mchezo wa redio hakuna asiyeijua. Radio Tanzania Dar es Salaam walipoanza kurusha Twende na Wakati mwaka 1993, mchezo wa kuelimisha kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI, ulisikika nchi nzima isipokuwa Dodoma, ambako haukurushwa hadi mwaka 1995 ili watafiti walinganishe waliousikia na wasiousikia. Mkwaju, yule dereva wa lori, alitajwa mitaani kama jirani. Sasa ngoja: ukikutana na mtu anayemkumbuka Mkwaju, muulize nani aliandika. Mhusika anabaki, mwandishi anapotea nyuma ya sauti za waigizaji. Kama unachotaka ni ujumbe ufike, sawa kabisa. Kama unataka uandishi wako ujulikane, fikiri tena.

Kwa kipimo cha nani ni nani, mchezo unashinda bila ubishi. Kila mhusika ana koo lake, na "akacheka" inakuwa kicheko. Lakini kile unachokiandika kati ya maneno ya wahusika kinakufa. Hadithi ya rafiki yangu tuliyoiigiza ilikuwa ya mzee anayemngoja mwanawe asiyerudi. Robo tatu yake ni mawazo ya mzee. Tulipoigeuza mchezo, zikabaki mbwa kubweka, mlango kulia na mistari sita ya mazungumzo. Waigizaji watano, mazoezi ya Jumamosi tatu, nauli na chai ya kila mmoja tukichangishana, halafu yeye mwenyewe akasema haitambui hadithi yake. Ukihesabu ukakuta nusu ya hadithi yako au zaidi ni watu wanaoongea, na una marafiki wa kujitolea, iigizeni. Vinginevyo iache isomwe.

Kituo gani?

Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka, nasi tunaishi chini ya mlima. Kituo kinachosikika vizuri Moshi mjini kinaweza kisivuke mgongo wa Kilimanjaro kufika Rombo. Kabla ya kukubali, mpigie ndugu aliye kule hadithi yako inakotokea, umwombe atafute masafa hayo kwenye redio yake. Inauma kuandika juu ya Tarakea halafu Tarakea wasikusikie.

Kituo cha biashara kina wasikilizaji wengi mjini, lakini muda wake unauzwa. Utaulizwa mdhamini, na matangazo yatakula dakika zako. Kituo cha dini kina usikivu wa utulivu na watu wanaosikiliza hadi mwisho, ila kama hadithi ina mbege, ngono au mganga, waonyeshe mapema, msije mkashangazana. Redio za jamii ndizo ninazoziona zinatupa nafasi kubwa. ORS FM ya Terrat, kule Simanjiro, hutangaza kwa Kimaa na Kiswahili. Kwa mwandishi ambaye wahusika wake ni Wamasai, kusikika pale kuna maana kuliko kusikika mjini Arusha kote. Popote utakapokwenda, baki na faili lako. Kipindi kinapita, faili unaweza kumsikilizisha mhariri wa kitabu miaka mitano baadaye.

Hilo la kitabu silisemi kwa kutamani tu. Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, iliwahi kuendesha mashindano ya hadithi fupi, na hadithi zilizofanya vizuri zikaja kuchapwa vitabuni. Redio ilikuwa mlango wa kuingilia.

Kabla ya kukabidhi karatasi

Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, hadithi ni yako tangu ulipoiandika. Huhitaji kuisajili popote ili iwe yako, na kuirusha hewani kunahitaji ruhusa yako. Kwa hiyo usikabidhi mikono mitupu. Andika ukurasa mmoja, nakala mbili, mmoja wa kituo na mmoja wako, zote zisainiwe. Mimi sasa huandika hivi:

"Nakiruhusu kituo kurusha hadithi hii mara mbili. Isomwe kama ilivyoandikwa. Badiliko lolote niulizwe kwanza. Jina langu litajwe kabla ya hadithi kuanza na litajwe tena ikiisha. Haki nyingine zote zinabaki kwangu."

Mara ya kwanza kuupeleka ukurasa huo niliogopa wataniona msumbufu. Mkuu wa vipindi aliusoma wote, akatoa kalamu mfukoni akaniuliza, "Jina lako linatamkwaje? Nisije nikakosea." Akaliandika juu ya karatasi ya kwanza kwa herufi kubwa, akaligawa kwa silabi. Jumapili ile, mama akiwa kwenye kochi lile lile, lilisikika mara mbili.